Lodwar hadi Lamu kwa ndege: ile saa moja na nusu ya mtandaoni mtaipata wapi?

MsafiriWaLangata (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Nafungua uzi huu kwa sababu swali limerudi tena kwenye kikundi chetu cha familia na nimechoka kulijibu kwa ujumbe wa sauti. Ndugu yetu anafundisha Lodwar, harusi yake iko Lamu, na sisi wengine tumetawanyika hapa Nairobi kuanzia Lang'ata hadi Utawala. Binamu mmoja akaingia kwenye tovuti ya kupima umbali wa viwanja vya ndege, akaandika Lodwar huku na Manda (uwanja wa ndege wa Lamu) kule, akaletewa jibu: kilomita 838, saa 1 na dakika 33. Kikundi kizima kikapumua. Shangazi naye akaanza kupanga: bwana harusi atoke darasani Ijumaa mchana, na kabla ya magharibi awe Shela anakunywa madafu.

Hatafika. Kilomita ni sahihi kabisa. Dakika ndizo za kuangaliwa.

Huo umbali wa 838 ni mstari ulionyooka kutoka Lodwar kwenda kusini-mashariki. Ukiufuata kwenye ramani unapita karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Turkana, unakata Samburu kwenye milima ya Mathews, unaiacha Isiolo mkono wa kulia, unapita Kora, unavuka mto Tana kati ya Garissa na Hola, kisha ni nyika na mikoko mpaka Manda. Si safari ndogo. Kutoka JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, hadi Kigali ni kama kilomita 760, hadi Dar es Salaam kama 665, hadi Entebbe kama 520. Huyu bwana anavuka umbali unaozidi wa kwenda Rwanda na hajatoka Kenya, kitambulisho tu mfukoni.

Sasa zile dakika. Tovuti za aina hii hazijui ratiba wala aina ya ndege. Nyingi huchukua umbali, hugawanya kwa mwendo wa kilomita 800 hivi kwa saa, ambao ni mwendo wa ndege kubwa ya abiria ikishafika juu kabisa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Gawanya 838 kwa 800, ni saa 1 na dakika 3. Weka 30 juu yake. Umepata 1:33. Hakuna rubani aliyeulizwa. Andika Lodwar na Honolulu uone, itakujibu kwa uhakika uleule.

Ukweli ni kwamba hakuna ndege ya ratiba inayotoka Lodwar moja kwa moja hadi Lamu. Utapita Nairobi upende usipende. Kutoka Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, hadi Lodwar ni kama kilomita 509, Wilson hadi Manda kama 468, jumla 977. Hapo wengi huanza kulalamika kwamba wanazungushwa. Nairobi kweli iko kilomita 250 hivi pembeni mwa ule mstari, lakini mzunguko wote unaongeza kilomita 140 tu. Kwa ndege hizo si hata nusu saa. Kila kipande ni kati ya saa moja na robo na saa moja na nusu, kwa hiyo angani jumla ni karibu saa tatu. Shangazi angeweza kuvumilia hilo.

Kinachovunja hesabu ni Nairobi yenyewe. Tuna viwanja viwili. Ndege za Lodwar ni za Wilson, pale Lang'ata Road. Za Lamu ziko za Wilson na ziko za JKIA. Safarilink wako Wilson, Jambojet wako JKIA. Kati ya viwanja hivyo viwili ni kama kilomita 13 ukipima kwa rula. Kilomita hizo 13, Ijumaa jioni, zinaweza kukula muda mrefu kuliko zile 509 za kutoka Lodwar. Ndiyo maana mtu akiniuliza Lodwar–Lamu ni saa ngapi, namuuliza kwanza: ukishuka Nairobi unashukia wapi, na unaondokea wapi? Jibu la umbali linakuja baadaye.

Karibuni mchangie. Wenye kujua ndege kuliko mimi, nirekebisheni.

---

MwalimuWaUmoja

Mwenye uzi, umbali huo hauhitaji hata tovuti. Ni hesabu ya kidato cha nne, ile mada ya longitudo na latitudo ambayo wanafunzi wangu huikimbia kwenye mtihani wa KCSE kisha wanajuta.

Lodwar iko nyuzi 3.12 kaskazini, Manda 2.25 kusini. Kwa kuwa ziko pande mbili za ikweta unajumlisha: 5.37. Longitudo ni 35.61 na 40.91, tofauti 5.30. Kila nyuzi moja ni maili 60 za baharini. Kwa hiyo umeshuka kusini maili 322 na kwenda mashariki maili 318. Hapo mwite Pythagoras: mraba wa 322 na mraba wa 318, jumlisha, tafuta kipeo. Utapata maili 452 na kitu. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Jibu: kilomita 838.

Wenye macho makali wataniambia Pythagoras hafai kwenye duara la dunia. Ni kweli, hafai kila mahali. Anafaa hapa kwa sababu Kenya imekalia ikweta, na karibu na ikweta nyuzi ya longitudo ina upana uleule wa nyuzi ya latitudo, kilomita 111 hivi. Ukienda Oslo, ambako ni kama nyuzi 60 kaskazini, nyuzi moja ya longitudo imebaki nusu yake. Huko huwezi kuchukua rula na karatasi ya mraba ukatamba. Sisi tunaweza. Kuanzia Mandera hadi Kisumu, Lokichoggio hadi Diani, rula inatosha na kosa lake ni dogo mno.

---

NduthiNaMimi

Mwalimu umenirudisha kidato cha nne saa nne usiku, Mungu anakuona.

Mbona msimwambie bibi harusi ahamie Lodwar tu? Kilomita sifuri.

---

FundiWaWilson

Nimeishi na grisi za Wilson muda mrefu, wacha niongeze upande wa ndege yenyewe.

Mwendo wa 800 sahauni. Hiyo ni Embraer au Boeing ikiwa juu. Njia za Wilson zinarukwa na propela, kwa sababu ya kwanza kabisa ambayo ni urefu wa njia za kurukia. Zetu hazifiki hata mita 1,600. JKIA wana mita 4,117. Ongezea kwamba Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mabawa yanashika kidogo, injini inavuta kidogo, na jua la mchana likipanda mambo yanazidi. Ndege ambayo Manda, usawa wa bahari, inainuka bila wasiwasi, huku inataka njia ndefu zaidi au mzigo mdogo zaidi. Ukisikia begi lako limebaki, mara nyingi sababu ni hiyo.

Mwendo wa kuweka kichwani: Cessna Caravan, hii ya injini moja, kilomita 300 na kidogo kwa saa. Dash 8 za zamani, zile fupi, kama 500. Dash 8-400 wanayotumia Jambojet ni 650 hivi. Sasa chukua hizo 838 za mwalimu. Kwa Dash ya 500 ni saa moja na dakika arobaini kabla hujahesabu kupanda na kushuka. Kwa Caravan ni karibu saa tatu kamili, ukiwa umekunja magoti, na choo hakuna. Wenye kunywa chai nyingi jihadharini.

Kupanda juu nako kuna gharama yake. Robo saa ya kwanza ndege inapanda polepole, na ya mwisho inashuka ikipunguza mwendo, kwa hiyo safari ikiwa fupi, mwendo wa wastani unakuwa mdogo zaidi. Ndiyo sababu Nairobi–Mombasa, kilomita 420 na kidogo, wanakuandikia kama saa nzima ilhali angani hata na jeti ni dakika arobaini na kitu. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi inaanza ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa, inaishia inaposimama kule. Kuzunguka uwanjani, kungoja foleni ya kupaa, vyote vimo. JKIA ina njia moja tu ya kurukia, kukiwa na ndege kubwa tatu mbele yako utangoja.

Halafu kuna upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na hizi zetu kuna mlango, na upepo wa kusini-mashariki unapita hapo umebanwa, una nguvu hasa usiku na asubuhi mapema. Ndio huohuo unaozungusha zile mashine 365 za umeme kule Loiyangalani. Ndege kubwa inakuwa juu yake. Caravan haifiki juu kiasi hicho, kwa hiyo ukienda Lodwar inakusukuma na ukirudi Nairobi inakuzuia. Tofauti ya dakika kadhaa, lakini abiria huuliza kwa nini kurudi kulikuwa kurefu, basi jibu ndilo hilo.

---

BintiWaShela

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka South B lakini kwetu ni Lamu.

Mmepiga hesabu zote mkasahau kwamba ukitua Manda hujafika Lamu. Uwanja uko kisiwa kingine. Unachukua begi lako, unateremka kwa miguu mpaka gatini, unaingia kwenye boti. Kwa boti ya mashine mpaka Lamu mjini ni dakika kumi hivi. Wa Shela mwambieni nahodha mapema kwa sababu si safari moja. Na mtu akija na viatu vya harusi vya ngozi miguuni, avivue. Maji yakiwa yamekupwa utashuka penye ngazi zenye mwani na utateleza mbele ya wakwe.

Jambo jingine, ndege ya Lamu si lazima iende Lamu moja kwa moja. Kuna siku inapitia Malindi, inashusha, inapandisha, ndipo iende Manda. Kwenye ramani ni pua na mdomo, kwenye saa ni nusu saa imekwenda. Ukinunua tiketi angalia kama kuna kituo njiani. Mimi huangalia muda wa kutua kuliko muda wa kuondoka.

Na huyo bwana harusi kama ni wa nikaha ya Ijumaa, asithubutu kusafiri siku hiyo hiyo. Kwetu watu wakishakaa msikitini hawamngoji mtu aliyekwama Mombasa Road.

---

Kanamkemer254

Niko Nairobi kikazi ila nyumbani Lodwar. Upande wetu rahisi kidogo: uwanja uko mjini, boda inakufikisha kabla jasho halijakauka. Lakini mjue mambo mawili.

Ndege si nyingi kama za Mombasa. Ukikosa ya leo, ya kesho inaweza kuwa imejaa, hasa shule zikifunga au kukiwa na mkutano wa mashirika. Na kuna wakati inapitia kiwanja kingine njiani kabla ya Wilson.

Pili, kilo. Ndege ndogo nyingi za Wilson ni kilo 15, na wanapenda begi laini lisilo na magurudumu. Nimewahi kuona kaunta ambapo unapanda mizani wewe mwenyewe, begi mkononi, namba inasomwa kwa sauti mbele ya foleni nzima. Mama mmoja mnene mbele yangu akamwambia yule kijana, "Andika tu mwanangu, usitangaze." Foleni ilicheka hadi rubani akachungulia.

Kwa basi? Lodwar hadi Nairobi kupitia Kitale ni usiku mzima, na ukifika bado una njia ya Lamu mbele yako, Garsen, Mokowe, kisha boti. Zaidi ya kilomita elfu moja za barabara. Mwalimu akiifanya hiyo atafika harusini wamemaliza kula.

---

JirikaWaKilimani

Nadhani mnakuza mambo. Wilson hadi JKIA mnaifanya kana kwamba ni safari ya Moyale. Siku hizi kuna Southern Bypass, unaingilia pale Uhuru Gardens unatokea Mombasa Road. Kuna Expressway tangu 2022. Nimetoka Wilson nikafika JKIA kabla hata sijamaliza simu na mke wangu.

---

MsafiriWaLangata

Jirika, nakubali, Jumapili saa moja asubuhi hata mimi nafika kabla ya simu kuunganishwa. Swali ni saa ngapi utakuwa hapo. Bypass ikiwa wazi ni raha. Ikipinduka trela moja tu, huna pa kutokea, kulia ni mbuga ya wanyama. Expressway nayo inakusaidia ukishaipata, lakini kutoka Wilson inabidi kwanza uimalize Lang'ata Road hadi Nyayo, na pale Nyayo mvua ikinyesha unajua kinachotokea.

Na hesabu haiishii barabarani. Tuseme mwalimu ametua Wilson. Anangoja begi, anatafuta gari, anafika JKIA, anapitia ukaguzi wa barabarani pale langoni ambapo abiria wanashuka na kutembea huku gari likipita peke yake, anafika jengoni anakaguliwa tena, halafu kaunta. Kaunta haifungwi ndege inapoondoka, inafungwa mapema. Mimi mtu akiunganisha kutoka kiwanja kimoja hadi kingine namwambia aache saa nne katikati. Wanaonicheka hawajawahi kupoteza tiketi.

Akiunganisha Wilson kwa Wilson, mambo ni tofauti kabisa. Hapo huenda ni kutembea kutoka jengo la kampuni moja hadi la nyingine, kwa sababu Wilson haina jengo moja la wote, kila kampuni na lango lake. Saa mbili zinatosha, na kuna pa kula.

---

AliyekwamaMwakaJana

Naomba niunge mkono la tiketi. Mimi nilinunua vipande viwili kwa kampuni mbili tofauti, ya kwanza ikachelewa kutoka kaskazini kwa sababu ya vumbi, nikafika kwenye kaunta ya pili nikiwa nahema. Dada wa pale alikuwa mpole kabisa, lakini aliniambia wazi: ndege yao iliondoka kwa wakati, wao hawana deni. Na kampuni ya kwanza ilisema imenifikisha Nairobi kama ilivyoahidi, kwa hiyo nayo haina deni. Wote wawili walikuwa sawa, na mimi ndiye niliyelipa tena. Majina sitaji.

Kwa hiyo kama kampuni moja inauza vipande vyote viwili kwenye nambari moja ya tiketi, hata ikiwa ghali kidogo, chukua hiyo. Ukichelewa, hapo ni shida yao.

---

NduthiNaMimi

Je, familia ikichanga ikakodi Caravan nzima? Moja kwa moja Lodwar–Lamu, mstari wa mwalimu, hakuna Nairobi, hakuna Nyayo. Shangazi anakaa mbele na rubani.

---

FundiWaWilson

Inawezekana, na watu hufanya. Lakini hamtalipia 838. Ndege inalala Wilson. Itaondoka Wilson tupu kwenda Lodwar, 509. Itabeba abiria hadi Manda, 838. Itarudi Wilson tupu, 468. Jumla 1,815, na bili inahesabiwa kwa saa za injini kwa pembetatu nzima. Kwa mwendo wa Caravan ni kama saa sita za kuruka ili mtu mmoja aokoe Nyayo. Mkiwa kumi au kumi na wawili mnaotoka Lodwar, kaeni na karatasi mpige hesabu, huenda ikawa na maana. Kwa bwana harusi peke yake ni anasa.

Na lazima iishe mchana. Viwanja vingi vidogo havina taa za usiku, jua letu linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, hakuna cha jioni ndefu kama Ulaya. Rubani akikuambia tuondoke Lodwar saa tano asubuhi, msimsubirishe kwa picha.

Kitu kingine ambacho rula haioni ni milima. Caravan haina mgandamizo wa hewa ndani, abiria hawapelekwi juu sana. Mstari wenu wa Lodwar–Lamu unauacha Mlima Kenya pembeni vizuri, lakini milima ya Samburu imo, na mawingu yakikaa juu yake rubani atazunguka. Ukitoka Nairobi kwenda kaskazini-mashariki ndiyo zaidi, maana Mlima Kenya ni mita 5,199 na hauhami.

---

WaMandera

Asanteni kwa uzi. Sisi mlitutaja mara moja tu mkatuacha. Binti yangu amepata chuo Kisumu. Mandera–Kisumu ikoje?

---

MwalimuWaUmoja

Mzee wangu, pongezi kwa binti. Kwa rula: Mandera 3.93 kaskazini, 41.85 mashariki. Kisumu 0.09 kusini, 34.73 mashariki. Tofauti 4.02 na 7.12. Mstari ulionyooka ni kama kilomita 908, unazidi hata Lodwar–Lamu. Tovuti itakuambia saa 1 na dakika 38.

Kupitia Nairobi ni kama 807 za Mandera na 270 hivi za Kisumu, yaani karibu 1,080. Mzunguko wa kilomita 170 hivi, si mbaya. Mandera–Mombasa ndiyo inayouma: mstari ni 916, kupitia Nairobi ni zaidi ya 1,200, kwa kuwa unakwenda kusini-magharibi halafu unageuka kusini-mashariki.

Na kwa wapenda mashindano, kwa viwanja nilivyojaribu, iliyo ndefu kuliko zote ni Lokichoggio hadi Ukunda, kilomita 1,100. JKIA hadi Addis Ababa ni kama 1,160. Mko Kenya moja.

---

MsafiriWaLangata

Mzee wa Mandera, swali langu ni lilelile: ndege yako ya kutoka nyumbani inashukia wapi Nairobi, na ya Kisumu inaondokea wapi? Kwenye tiketi tafuta herufi tatu. WIL ni Wilson, NBO ni JKIA. Zikifanana, binti atafika siku hiyohiyo bila presha. Zikitofautiana, mpe saa nne au mtafutie mwenyeji alale. Vijana wakisafiri mara ya kwanza na mizigo ya chuo, godoro na ndoo, mimi ningependelea alale, na godoro linunuliwe Kisumu.

Kwa familia yangu, nimewatumia mpango huu wakanyamaza, nadhani ni kukubali. Mwalimu aombe ruhusa Alhamisi. Ndege ya Lodwar ya Alhamisi inamshusha Wilson, anakuja kwangu Lang'ata kwa boda, analala. Ijumaa asubuhi tunaondoka pamoja Wilson hadi Manda, na Binti wa Shela ametuahidi nahodha. Nikaha ni Jumamosi, nimeshamuuliza mzee wa kule. Shangazi bado anataka kujua kwa nini tusitumie ile ya saa moja na dakika 33.

Swali langu la mwisho kwa fundi: keki inatoka Nairobi, ya ngazi tatu. Inahesabiwa ndani ya kilo 15 au inabebwa mkononi?

---

FundiWaWilson

Ndani ya kilo 15. Nunua kiti chake au mpigie simu mwokaji wa Lamu.

---

BintiWaShela

Mwokaji yupo. Nakutumia nambari faraghani.